Paka mdogo wa Kwihara na siku 10 za kusubiri

TABORA. Treni ya Reli ya Kati inapoingia Tabora, abiria wengi huwa wamechoka kukaa. Kutoka Dar es Salaam ni takriban kilometa 840, na tangu kuachana na Morogoro, Dodoma, Manyoni na Itigi, mtu ameshakula karanga, mahindi ya kuchoma na mayai ya kutosha. Nje ya stesheni bodaboda wanaita wateja, na kina mama wamepanga chupa za asali, bidhaa ambayo mkoa huu unajivunia kuliko nyingine yoyote.

Mwezi Juni mwaka mmoja, katika treni hiyo aliteremka mtoto wa darasa la tano, mwenye umri wa miaka 10, aliyekuja kukaa likizo kwa bibi yake katika mtaa mmoja wa Isevya. Alikuja na begi moja la nguo. Mwisho wa likizo aliondoka na begi lilelile, kovu dogo kwenye kidole na somo ambalo familia yake haitalisahau upesi.

Njia ya miguu iliyokuja kuwa reli

Tabora haikuzaliwa na reli. Kabla ya reli kufika hapa mwaka 1912 na kusonga hadi Kigoma mwaka 1914, palikuwa na njia ya miguu. Misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa, ikavuka Ugogo, ikaingia Unyanyembe, kisha ikaendelea hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba pembe za ndovu, nguo na shanga. Mzigo wa mtu mmoja ulifika frasila mbili, kiasi cha kilo 32. Njia hiyohiyo ilipitisha watumwa, na hilo ndilo jeraha lake.

Wazungu Richard Burton na John Speke waliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857, wakafika hapa Novemba mwaka huohuo. Safari ambayo leo abiria huimaliza kwa takriban siku moja iliwachukua zaidi ya miezi minne. Ndiyo maana kila msafara uliofika Unyanyembe ulipumzika. Watu walitibu vidonda, wakanunua chakula na kutafuta wapagazi wapya. Miembe mikubwa inayotia kivuli barabara za mji, wenyeji husimulia kwamba ilitokana na kokwa za maembe ya wasafiri wa zamani.

Kilometa chache kusini magharibi mwa mji iko Kwihara, na hapo ndipo lilipo Tembe la Livingstone, nyumba ya udongo mwekundu ambayo sasa ni makumbusho. Henry Morton Stanley alikaa Kwihara mwaka 1871 kabla ya kwenda Ujiji kumtafuta Dk David Livingstone. Februari 1872 wawili hao walirudi pamoja. Stanley akaondoka kwenda pwani mwezi Machi, naye Livingstone akabaki akisubiri watu na vifaa hadi Agosti 25. Mwaka uliofuata alifariki dunia, na mwili wake ukapitishwa tena Unyanyembe mabegani mwa akina Susi na Chuma kuelekea Bagamoyo.

Bibi alimpeleka mjukuu wake Kwihara katika wiki ya kwanza ya likizo ili akaone mambo anayoyasoma kwenye somo la historia. Mtoto alisikiliza, akauliza maswali mawili matatu. Lakini wakati wa kurudi, kwenye kibanda cha muuza maji karibu na barabara, alikuta kitu kilichomvutia kuliko historia yote: paka mdogo wa rangi ya majivu, amejikunyata chini ya benchi, peke yake.

Muuza maji alisema mama yake hajaonekana kwa siku mbili. “Mchukueni tu, mtapata thawabu,” alisema.

Bibi alisita. Nyumbani kwake paka alikuwa na kazi moja, kufukuza panya wanaoshambulia mahindi na michembe iliyohifadhiwa kwenye magunia. Huyu alikuwa mdogo hata kwa mende. Hata hivyo, kama ilivyo kwa familia nyingi za Kiislamu za Tabora, Bibi alilelewa akijua kwamba paka si mnyama wa kufukuzwa mlangoni. Sahaba Abu Hurayra, ambaye hadithi nyingi za Mtume zimepokelewa kupitia kwake, jina lake lina maana ya baba wa paka mdogo.

“Haya, mchukue. Ila chooni kwake utasafisha wewe,” Bibi alisema.

“Sawa, Bibi.”

Njiani paka alitoka kwenye mfuko, akapanda hadi begani kwa mtoto, akatulia hapo. Akaitwa Pagazi.

‘Bibi, ananipenda’

Kwa siku tatu za mwanzo Pagazi hakuachana na mtoto. Akienda jikoni, alimfuata. Akikaa barazani, alimpanda mapajani. Usiku alilia nje ya chandarua mpaka akaingizwa ndani. Alisugua mashavu yake kwenye miguu ya mtoto, akamgonga kwa paji la uso, akakanda kanga ya Bibi kwa vidole vya mbele kama mtu anayekanda unga wa chapati, huku akikoroma. Wakati mwingine alinyonya pindo la kanga hadi likalowa.

“Bibi, ananipenda,” mtoto alisema.

“Anapenda joto la kanga yangu,” Bibi alijibu.

Wote wawili walikuwa na sehemu ya ukweli. Paka mdogo huzaliwa akiwa haoni na hasikii, na hujua mambo mawili tu, joto la mama na titi. Anaponyonya hukanda tumbo la mama kwa miguu ya mbele ili maziwa yatoke. Tabia hiyo humbakia hata ukubwani, na huirudia anapojisikia salama. Anayenyonya nguo, mara nyingi ni yule aliyetenganishwa na mama mapema mno. Inashauriwa akae na mama yake angalau wiki nane, na zikifika 12 ni bora zaidi.

Kusugua mashavu nako kuna maana. Paka ana tezi za harufu kwenye mashavu, paji la uso na karibu na shina la mkia. Anapojisugua mguuni mwako anakupaka harufu yake, akikuhesabu kuwa mtu wa nyumbani. Akija mkia umesimama wima, hiyo ni salamu. Akikutazama huku akifumba na kufumbua macho polepole, amekuamini, na ukimjibu kwa kufumba yako vivyo hivyo, huelewa. Akilala chali na kuonyesha tumbo, pia amekuamini, ila hilo si ombi la kushikwa tumbo. Wengi wamekwaruzwa kwa kutojua tofauti hiyo.

Umri nao una kazi yake. Kati ya wiki ya pili na ya saba hivi tangu azaliwe, paka hujifunza nani ni rafiki. Anayeshikwa kwa upole na binadamu katika wiki hizo huwa mpole maisha yake yote. Asiyewaona watu kabisa huweza kubaki na woga wa paka-pori, yule babu yake ambaye bado anaishi katika mapori ya Afrika, Tanzania ikiwamo.

Lakini neno la Bibi kuhusu joto lilikuwa na uzito kuliko alivyodhani mwenyewe. Tabora iko juu kiasi cha meta 1,200 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni hupiga baridi ya kutafutia blanketi. Paka mdogo aliyekonda hushindwa kutunza joto lake. Anayekung’ang’ania saa zote anaweza kuwa anakupenda, na anaweza pia kuwa na baridi, njaa au homa.

Siku ya mapaja

Siku ya sita Pagazi hakufuata mtu. Alilala mapajani kwa mtoto tangu asubuhi, akikoroma kwa sauti ya chini. Dagaa wa Kigoma waliochemshwa hakuwagusa. Mtoto alifurahi kwamba hatimaye paka ametulia. Jirani aliyepita kuomba moto naye akasifu, “Ee, huyu kashakuwa mwenyeji.”

Bibi ndiye aliyeshtuka. Alimshika masikio akayakuta ya baridi. Alimfunua mdomo akaona ufizi mweupe kama karatasi.

“Mjukuu wangu, huyu hajatulia. Huyu anaumwa. Lete boksi.”

Hapa ndipo wengi hudanganyika. Paka hukoroma akiwa na raha, lakini hukoroma pia akiwa na maumivu, akiwa na hofu, na hata anapokaribia kufa. Kwa asili mnyama huyu huficha ugonjwa. Ukitaka kujua hali yake, usisikilize koo lake peke yake. Tazama kama anakula, anacheza na kujilamba manyoya, na kama ufizi wake ni wa rangi ya waridi. Paka mdogo aliyepitisha siku nzima bila kula ni mgonjwa wa kupelekwa kwa daktari siku hiyohiyo.

Kwa daktari wa mifugo

Elimu ya tiba ya mifugo si ngeni kwenye njia hii ya misafara. Mpwapwa, kituo walichopumzika wapagazi kabla ya kuikabili Ugogo, kimekuwa mahali pa utafiti wa mifugo tangu enzi za Wajerumani. Lakini watu wengi wanaamini daktari wa mifugo ni wa ng’ombe, mbuzi na kuku. Bibi mwenyewe aliingia kwa aibu kidogo, boksi likiwa kwapani.

“Shikamoo, Bibi,” daktari kijana alimsalimia.

“Marahaba, mwanangu. Samahani, nimekuletea paka.”

“Paka naye ni mgonjwa wetu, Bibi. Karibu.”

Alimweka kwenye mizani: gramu 550. Meno yake ya utoto yalikuwa yametimia, dalili kwamba ana wiki nane hivi, na paka wa umri huo hutarajiwa kukaribia gramu 900. Alipopanua manyoya ya shingoni, viroboto wakatawanyika. Tumbo lilikuwa limevimba kama ngoma, ilhali mgongo ni mifupa mitupu.

“Viroboto wanamnyonya damu kwa nje, minyoo inamnyonya kwa ndani,” daktari alieleza. Minyoo mviringo hupita kwenye maziwa ya mama, kwa hiyo hata paka asiyewahi kula uchafu anaweza kuwa nayo. Ndiyo maana dawa huanza akiwa na wiki tatu, hurudiwa kila baada ya wiki mbili hadi wiki ya 12, kisha kila mwezi mpaka miezi sita, kwa kipimo cha uzito wake.

Daktari alianza kwa kumpasha joto, kwa kuwa mwili uliopoa haumeng’enyi chakula. Akampa maji yenye virutubisho kidogo kidogo, akatoa dawa ya minyoo, akaonyesha namna ya kuondoa viroboto kwa kitana chembamba na maji ya uvuguvugu, kisha kumkausha haraka kwa taulo.

Alionya mambo matatu. Dawa ya viroboto ya mbwa asipakwe paka, kwani nyingine zina pemethrini inayomuua. Paracetamol asipewe hata kipande, nayo humuua. Na maziwa ya ng’ombe, ambayo karibu kila nyumba huyadhani chakula cha paka, huwaharisha wengi. Apewe maji safi, samaki au nyama iliyopikwa bila chumvi wala vitunguu, mara nne kwa siku. Dagaa wa chumvi waoshwe vizuri kabla ya kuchemshwa. Ugali mtupu haumtoshi, maana paka ni mla nyama.

Kisha akauliza swali la kawaida.

“Amemuuma mtu yeyote?”

Bibi akasema hapana. Mtoto akatazama chini.

“Mama,” daktari alimwambia mtoto kwa upole, kama watu wazima wa huku wanavyowaita mabinti wadogo, “nionyeshe mikono.”

Kwenye kidole cha shahada kulikuwa na vijitundu viwili vilivyoanza kufunga. Siku mbili nyuma, wakicheza, Pagazi alikuwa amemuuma hadi damu ikatoka. Mtoto alinyamaza.

“Niliogopa Bibi atamtupa,” alisema, machozi yakimlengalenga.

Siku 10

Kichaa cha mbwa hakichagui mbwa peke yake. Paka huupata ugonjwa huo na kumwambukiza binadamu kwa kuuma, na dalili zikishaanza kwa mtu, karibu kila mgonjwa hufa. Lakini chanjo inayotolewa mapema baada ya kuumwa huzuia kifo hicho. Kinachoua ni kuchelewa na kuficha.

Jeraha lilioshwa palepale kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Ingekuwa bora lingeoshwa siku ile ile, lakini kuchelewa si sababu ya kuacha. Kutoka hapo walikwenda moja kwa moja kituo cha afya, na mtoto akaanza kuchomwa chanjo.

Mtaani habari zilifika kabla yao. Jirani yule aliyemsifu paka asubuhi sasa alisema auawe kabla hajaleta maafa. Bibi alimjibu kwa alichoambiwa na daktari. Mbwa au paka aliyemuuma mtu, kama anaweza kufungiwa kwa usalama, huangaliwa kwa siku 10. Kama alikuwa na virusi vya kichaa mateni wakati wa kuuma, ataugua waziwazi na kufa ndani ya siku hizo. Akimaliza siku 10 akiwa mzima, hakuambukiza kwa kuuma kule, na daktari wa binadamu anaweza kusitisha chanjo zilizobaki. Ukimuua na kumzika, umezika na jibu.

Zilikuwa zimebaki siku nane. Pagazi alifungiwa katika chumba cha stoo, ndani ya boksi lenye kitambaa na chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa kwa taulo. Bibi peke yake ndiye aliyeingia, akiwa na glavu, na kila alipotoka alinawa. Mtoto alikaa nje ya mlango, akisikiliza.

Usiku wa kwanza hakukusikika kitu. Bibi alikiri baadaye kwamba aliamka mara tatu, na kila mara alisimama mlangoni kwa muda kabla ya kufungua, akiogopa atakachokikuta. Hakumuogopea paka tu. Paka akifa, hofu ingehamia kwa mjukuu.

Siku ya pili stoo, Pagazi alilamba supu ya samaki. Siku ya tatu alijilamba miguu. Siku ya nne alikwaruza mlango, akalia kwa nguvu, na Bibi akasema, “Alhamdulillahi, ana njaa.” Siku ya sita ufizi ulikuwa umeanza kupata rangi. Mtoto alichora mistari ya siku ukutani kwa mkaa, na Bibi, ambaye hapendi ukuta wake uchafuliwe, hakusema neno.

Mstari wa 10 ulipotimia daktari alikuja nyumbani. Pagazi alimpokea mkia ukiwa wima.

Kucheza bila kidole

Kwa nini aliuma? Si kwa ubaya. Paka wadogo wanaokua pamoja hufundishana. Anayeuma sana huumwa naye, au wenzake huacha kucheza, ndipo hujua kipimo. Aliyebaki peke yake mapema hukosa shule hiyo. Anayemchezea kwa vidole anamfundisha kwamba mkono ni windo. Achezewe kwa kamba au ganda la hindi lililofungwa uzi, na akiuma mchezo usimame hapohapo, bila kipigo.

Chanjo yake ya kichaa hutolewa akifika miezi mitatu, na afisa mifugo wa kata ndiye wa kuulizwa. Zipo pia chanjo za mafua ya paka na ugonjwa wa kuharisha unaoua wengi wakiwa wadogo, ambazo huanza wiki ya sita hadi ya nane na kurudiwa. Penye mjamzito, choo cha paka kisafishwe kila siku na mtu mwingine, kwa sababu kinyesi cha paka kinaweza kuwa na vimelea vinavyodhuru mimba, navyo huhitaji siku moja au zaidi kabla ya kuweza kuambukiza. Na nyumba yenye paka isitege sumu ya panya. Panya aliyekula sumu humuua na paka anayemla.

Mapema Julai mtoto alirudi Dar es Salaam kuwahi kufungua shule. Stesheni, Bibi alimpa michembe, chupa ya asali na wosia mmoja.

“Siku nyingine ukiumia, uniambie. Paka nitamtibu, wewe ndiye sina wa kukubadilisha.”

“Sawa, Bibi. Utamtunza?”

“Huyo ni wa panya,” Bibi alisema.

Jioni ile mtoto alipopiga simu kutoka ndani ya treni, aliuliza Pagazi yuko wapi. Bibi alichelewa kidogo kujibu. Kisha akasema yuko mapajani, anakanda kanga, na kwamba ameshamtazama ufizi.